Mteja wa Moa

Gari la nyumbani kwetu halikuwahi kufungwa spea nzima. Nikilisema hili mbele ya watu hudhani natania, maana spea ndiyo iliyotulisha vizazi vitatu. Babu yangu aliianzisha karakana yetu hapa Tanga kwa kutengeneza bushi za springi za malori ya mashamba ya mkonge, mpira akiukata kwenye matairi yaliyokwisha kazi. Baadaye akapata mashine ya kukerezea chuma, akaingia kwenye kingipini, tairodi na boljointi, yaani vile vyuma vidogo vya chini ya gari vinavyoshika gurudumu mahali pake na kulifanya litii usukani. Watu hawana habari navyo mpaka siku vinapowaacha njiani.

Kila kilichotoka kwenye mashine kilipita mikononi mwa babu, na alipofariki kikawa kinapita mikononi mwa baba. Kilicho kizima kilipakwa grisi, kikafungwa kwenye karatasi, kikaenda dukani. Chenye kasoro ndogo, kwa mfano bushi yenye kiputo ndani ya mpira, au boljointi ambayo kichwa chake kimelegea unywele mmoja ndani ya kikombe, kilitupwa kwenye debe chini ya meza. Tuliliita debe la nyumbani. Kutupa chuma ilikuwa dhambi na kukiuza kikiwa na ila ilikuwa fedheha, kwa hiyo tulikifunga sisi wenyewe. Pikapu yetu, tangu chini ya usukani hadi springi za nyuma, ilikuwa mkusanyiko wa vitu ambavyo tusingethubutu kumuuzia mtu.

Babu alikuwa na hoja yake, na baba aliirithi pamoja na debe. Mteja, walisema, hana masikio. Yeye anafungulia redio, anabishana na abiria, anawaza harusi ya bintiye, na chuma kinapoanza kulalamika chini yake hasikii. Sisi tutasikia. Boljointi haivunjiki bila kuaga, na anayejua lugha yake atapata muda wa kusimama, kushuka na kuifungua. Hivyo kilicho bora apewe asiyesikia, na kilicho dhaifu kibaki kwa anayesikia. Utotoni niliamini kila familia ina utaratibu kama huo kwa jambo fulani, kwamba mwoka mikate hula iliyoungua na mshona nguo huvaa iliyokosewa. Mganga hajigangi, na sisi tulijivunia.

Na kweli baba alisikia. Kila tulipokuwa garini alikuwa na mazoea ya kunyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hakusema kitu. Mama akikiona kidole alinyamaza katikati ya neno, na sisi watoto tulinyamaza huko nyuma, mpaka baba atamke: bushi ya juu, kulia, bado ina mwezi. Au: hii tukifika tu naitoa. Hakukosea. Mama alikuwa akilalamika kwamba ameolewa na mwanamume ambaye humsikiliza mkewe pale tu anapogongagonga.

Miaka ya uhaba, bidhaa za nje zilipoadimika, ndiyo iliyokuwa miaka yetu. Watu walishuka kutoka Lushoto na Handeni wakiwa wamebeba tairodi zimeviringishwa kwenye kanga kama vichanga. Walikaa barazani kusubiri zamu, wakanywa chai yetu, wengine wakalala kwetu. Nyumbani tulisema Kikachi, lugha ya wazee wetu waliotoka Uhindini, na karakanani Kiswahili, na baba alikisema cha pwani ya Mtang'ata hasa, hata wavuvi walimcheka kwamba amezidi wenyewe. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, magari ya mtumba kutoka Japani yakajaa, na nyuma yake yakaja maboksi ya spea kutoka Uchina, mepesi, yenye rangi za kuvutia. Mafundi wetu wakapungua mmoja baada ya mwingine bila ugomvi.

Leo mimi nakaa dukani mbele nauza maboksi hayo hayo. Mimi ni kitinda mimba, na mwanamke, na nilibaki na karakana kwa sababu kaka zangu wote wapo ng'ambo. Nyuma kuna mashine moja inayozunguka na fundi mmoja wa Makorora, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye baba alimfundisha kukereza akiwa kijana. Tunatengeneza bushi, na vyuma vya magari ya zamani ambayo hakuna tena anayeyahangaikia. Baba, ambaye ameshavuka miaka themanini, alikuwa akija kila asubuhi kukagua vichache vinavyotoka. Na kila Jumanne aliendesha pikapu mwenyewe hadi Pangani kupelekea gereji moja ya huko mzigo wake. Nilikuwa nafuatana naye mara mojamoja, kubadili hewa.

Ilikuwa Jumanne moja ya namna hiyo ndipo nilipojua. Tulikuwa tunavuka reli, bado hatujatoka mjini, na chini ya miguu yangu nikasikia mlio, mzito, mara mbili. Nikatazama kidole cha baba. Hakikunyanyuka. Alikuwa akinisimulia jinsi babu alivyomkatalia msimamizi wa shamba fulani kingipini zilizopinda, na aliendelea na masimulizi hayo kana kwamba chini ya gari hakuna dunia. Mbele kidogo ukalia tena. Nikamwambia baba, gari linagonga. Akaitikia, "Ndiyo, kabisa," na akaendelea na hadithi yake.

Hapo vitu vingi nilivyokuwa nimeviona bila kuviangalia vikaja pamoja. Siku hizi alikuwa anakubali kila kitu. Alikuwa anatazama midomo ya watu. Redio ya chumbani ilikuwa inasikika hadi kwa jirani. Nilimwomba tugeuze, nikasingizia nimesahau simu, tukarudi. Baba alipopumzika baada ya chakula cha mchana, fundi akaingia chini ya pikapu, akatoka na boljointi ya chini ya kushoto mkononi. Kichwa kilikuwa kinachezacheza ndani ya kikombe, kimebakiza ukingo tu kutoka. Akaniwekea kiganjani.

"Dada, hii ilikuwa ishaaga," akasema. "Ilibaki kuondoka tu."

Kwa asiyejua: chuma hicho kikitoka gurudumu linalala, usukani unabaki pambo mkononi, na gari linakwenda linakojua lenyewe. Barabara ya Pangani ina watoto wa shule, ina baiskeli za wauza madafu, ina bodaboda. Nilimwona baba yangu mtaroni. Kisha nikaona jambo baya zaidi, mtoto wa mtu mtaroni na baba yangu amesimama pembeni mzima, haelewi watu wanamwambia nini. Niliogopa sana, na hofu ile haikunitoka mwaka mzima.

Nilijaribu njia iliyonyooka. Nilimwambia twende kwa daktari wa masikio, akasema ni nta tu. Nikamwambia aache kuendesha, akanijibu kwamba sikio halipiti kichwa, na akaondoka zake kwa hatua za mtu aliyeshinda kesi. Kaka zangu nilipowapigia, kila mmoja alijibu neno lile lile: mnyang'anye funguo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wao watamnyang'anya funguo kwa simu, mimi ndiye nitakayeishi na mzee ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimletea magari ayasikilize, sasa amekaa barazani hana pa kwenda. Sikuweza. Nikasema basi, kama hana masikio, nitakuwa masikio yake.

Kuanzia hapo kila Jumanne nikawa na shughuli Pangani. Mara nazi, mara kumjulia hali mgonjwa, mara samaki, kana kwamba Tanga bahari imekauka. Nilikaa kiti cha kushoto nikisikiliza kwenda, nikisikiliza kurudi. Vipande vya lami vilikuwa vinaanza na kukatika, na palipokatika kila kitu kilikuwa kinalia, bodi, milango, debe la grisi nyuma, na mimi ndani ya kelele zote hizo nitafute sauti moja. Nikiisikia nilijifanya ninaumwa tumbo ili asimame, tugeuze turudi kwa fundi. Baba aliniuliza kwa upole kama nimeshamwona daktari.

Nilichoka. Nalisema hivyo hivyo bila kulipamba. Nilichoka mpaka mlango wa kabati ukilia najiuliza ni bushi gani. Mambo mengine niliyatazama yakipita: duka likachelewa kufunguliwa, rafiki zangu wakaacha kunialika, nywele nikaacha kuzipaka hina. Kumpenda mzazi hakukuzuii kumchoka. Nilimchoka, na nikawa nachoka tena kwa aibu ya kumchoka.

Ni fundi aliyelisema, siku moja tunakunywa chai. Alisema ubaya hauko kwenye masikio ya mzee, uko kwenye debe. Gari likifungwa vyuma vizima kote chini, hakutakuwa na cha kusikiliza. Jambo lenyewe lilikuwa wazi kiasi kwamba niliona haya. Sisi, watengenezaji wa spea, miezi yote hiyo tumehangaika na gari bovu, chuma kikifa tunapachika kingine cha debeni, bila kuwaza kulifunga spea nzima. Debe lilikuwa limetukaa kichwani kiasi hicho.

Tatizo ni kwamba vyuma vya pikapu ile haviuzwi tena popote, ilibidi vikerezwe kimoja kimoja. Na hakuna kitu kilichotoka kwenye mashine ambacho baba hakukigusa. Angeuliza ni cha nani. Fundi, ambaye swala ya Ijumaa husimama safu moja na baba, hakutaka kusema uongo. Nikausema mimi. Nikamwambia baba kwamba tumepata mteja wa Moa, kule karibu na mpaka, ana pikapu kama yetu, mwaka ule ule, na anataka kuifufua chini yote.

Baba alifurahi kupita nilivyotarajia. Ilikuwa muda mrefu hatujapata kazi nzima ya namna hiyo. Alikagua kila kipande cha mteja wa Moa kwa vidole, amefumba macho, akikizungusha polepole. Viwili vya mwanzo alivikataa, akavitupa kwenye debe, na fundi akakereza upya. Alisema huyu bwana njia yake ina mchanga na hewa ya chumvi, hivyo kila jointi iachiwe tundu la kupachikia grisi. Alisema bushi zake zikatwe nene kidogo. Akaanza kumuulizia. Je, ana watoto? Anabeba nini? Kwa nini hajafika hata siku moja tukaonana? Nikamwambia mteja ni mtu wa shughuli nyingi, na mzee kidogo. Baba akatikisa kichwa, akaagiza mteja apelekewe salamu zake, na aambiwe asibebe mzigo mzito kabla vyuma havijazoeana.

Kila kipande alichokipitisha, fundi alikifunga kwenye karatasi mbele yake kwa ajili ya Moa. Kesho yake mchana, duka limefungwa na baba amelala, tulikifungua na kukipachika kwenye pikapu iliyokuwa uani. Ilituchukua miezi. Mimi nilimshikia fundi taa na spana na sikuwa na raha hata kidogo. Kumdanganya mtu asiyesikia ni kazi nyepesi mno, na wepesi wenyewe ndio uliokuwa ukinisuta. Lakini bora lawama kuliko fedheha, nikajisemea, na fedheha ninayoijua mimi ni ya kumtoa mtoto wa mtu chini ya gari letu.

Kipande cha mwisho kilikuwa tairodi ya kushoto. Tuliifunga Jumatatu. Jumanne nikapanda na baba kama kawaida, nikasema nafuata nazi.

Tulivuka reli, sikusikia kitu. Tukapita Tongoni, lami ikakatika, nikasikia bodi na milango na debe la grisi, na chini ya hapo hakuna kinachogonga. Nilihisi mabega yangu yanashuka. Sikujua kwamba mwaka mzima nilikuwa nimeyabana. Nikaegemea kiti, nikatazama nje, na nikafikiri kwamba Jumanne ijayo huenda nikabaki nyumbani nikalala.

Katikati ya minazi, mahali pasipo na nyumba, baba alipunguza mwendo. Akauachia usukani, mikono yote miwili akaiweka hewani kidogo juu yake. Pikapu ilikwenda mbele, imenyooka. Akaurudia usukani, akaliweka gari kando na kuzima injini.

"Ilikuwa inavuta kushoto," alisema.

Nilikuwa nimefikiria masikio tu. Haikunijia kwamba mtu aliyekagua vyuma kwa vidole maisha yake yote ana mikono.

"Miaka yote inavuta kushoto. Leo nimeiachia, imekwenda." Akanigeukia, akaweka macho kwenye midomo yangu. "Kumbe mteja wa Moa ni mimi."

Nilikuwa na hoja nyingi nilizozipanga kwa ajili ya siku hiyo, zote nzuri. Nikasema, "Ndiyo, baba," polepole, apate kuiona.

Ningependa angekasirika. Aliniuliza tumebadili vipi na vipi, nikamhesabia kwa vidole, boljointi nne, tairodi mbili, bushi za mbele, bushi za nyuma, na kwa kila kimoja aliinamisha kichwa kwa sababu anakikumbuka, alikipitisha mwenyewe. Nilipomaliza alisema ni kazi safi. Kisha akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya gari huku amepitisha kiganja juu ya boneti, akaja upande wangu, akanifungulia mlango na kusimama.

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa sikuweza kumtazama. Nilijisogeza nikahamia nyuma ya usukani, naye akapanda, akakaa nilipokuwa nimekaa mimi. Kijana wa bodaboda alipunguza mwendo pembeni yetu, akamwamkia baba shikamoo, akauliza kama tumeharibikiwa, na nadhani baba alimjibu kwa kuona uso wake tu.

"Hapana, mwanangu. Gari ni zima. Zima kabisa."

Nikaendesha. Kitu nilichokitaka mwaka mzima kilikuwa mikononi mwangu na sikukifurahia, nilijiona nimemvua mzee kanzu mbele za watu. Baba hakujua pa kuweka mikono yake. Aliiweka magotini, akaipandisha dirishani, akairudisha magotini. Tulipita Kigombe. Huko mbele, kwenye matuta, akanigusa bega.

"Inasemaje?"

"Haisemi kitu, baba."

Hakuipata. Nikapunguza mwendo, nikamgeukia, nikairudia.

"Hata hapa?"

"Hata hapa. Kimya."

Akaigeukia barabara. "Kumbe wateja wetu walikuwa wanasafiri hivi," alisema.

Kisha akaegemeza kichwa kwenye kioo. Nilimwambia kitu kuhusu mzigo wa gereji, na aliponyamaza nikadhani hajanisikia, nikageuka kumwonyesha midomo. Macho yalikuwa yamefumba na mdomo umefunguka kidogo. Katika umri wangu wote sikuwahi kumwona baba amelala ndani ya gari.